Silika yenye vitundu na gesi isiyoonekana chumbani

Ndugu wasikilizaji, leo naomba tushike gesi moja tu: formaldehaidi. Hutoka kwenye gundi ya plaiwudi na chipubodi, na huendelea kutoka kwa miaka, hasa chumba kikiwa na joto na unyevu. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitaja kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ndani ya nyumba ni miligramu 0.1 katika mita moja ya ujazo, kwa wastani wa dakika 30. Yaani molekuli kama 80 katika kila molekuli bilioni za hewa. Utazinasaje?

Chukua kimiminika chenye silikoni, kwa mfano tetramethoksisilani, ukichanganye na maji na alkoholi. Molekuli zinaanza kushikana, mchanganyiko unazidi kuwa mzito, mwishowe unaganda kuwa jeli. Ukiiacha ikauke taratibu, maji na alkoholi huondoka na kuacha vitundu vya nanomita chache, yaani mabilioni machache ya mita. Kinachobaki ni silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni: kipande kiangavu kama kioo, lakini gramu moja yake ina mamia ya mita za mraba za uso wa ndani! Na kwa kuwa hakikupita tanurini, unaweza kukitia, kingali majimaji, kemikali ambayo joto la kuyeyushia kioo lingeiunguza.

Kemikali mojawapo ni Fluoral-P. Formaldehaidi ikiingia kitunduni na kukutana nayo, hutokea rangi ya manjano. Unamulika kipande kwa mwanga wa urujuani, wa nanomita 410 hivi, na kupima umepungua kiasi gani ukitokea upande wa pili.

Kazi ngumu, na kwangu ndiyo tamu, ni kupata ukubwa wa tundu. Likiwa dogo mno, gesi huchelewa kuingia. Likiwa kubwa, molekuli nene zisizohusika nazo hupenya. Halafu kuna unyevu. Kuta za silika huvuta maji, na maji huziba njia. Huwekwa vikundi vya methili (kaboni moja yenye hidrojeni tatu) ukutani ili kuyafukuza, ila navyo hubadili vitundu, kwa hiyo unapima upya kila mara.

Manjano yale hayafutiki, na kipande kikishatumika hubadilishwa. Wapo wanaoiita kasoro. Mimi naona ni faida kubwa: rangi hujilimbikiza saa baada ya saa, kwa hiyo hata gesi kidogo inayokaa usiku kucha chumbani mwa mtoto itapimika asubuhi.