Aliuliza la Ulaya, Akajibiwa la Nyumbani

Hamjambo nyote. Walimu wenzangu, wanafunzi, na wazee wetu mlioketi mbele, asanteni kwa kuja.

Nitaanza na penseli. Tarehe 8 Juni 2017 niliingia katika ukumbi wa kanisa mtaa wa Headingley, mjini Leeds, nikataja jina langu na ninapoishi. Msimamizi akapiga mstari kwenye daftari, akanipa karatasi. Kitambulisho hakuuliza, maana wakati ule sheria yao haikudai. Ndani ya kibanda nikakuta penseli imefungwa kwa uzi. Nikaweka alama, nikakunja karatasi, nikatumbukiza kwenye sanduku. Mimi, Mtanzania, mwanafunzi mwenye viza ya muda, nilikuwa nimemchagua mbunge wa Uingereza.

Naona wengine mnatazamana. Ndivyo sheria yao ilivyo: raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi kule kihalali anaruhusiwa kupiga kura ya bunge. Hata kura ya maoni ya Brexit mwaka 2016, ya kuamua kama Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, tuliipiga. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa fundi bomba kutoka Poland. Alikuwa ameishi pale miaka kumi na mmoja, analipa kodi, watoto wake wanazungumza kwa lafudhi ya Yorkshire kama waliozaliwa na bibi wa pale. Yeye hakuwa na kura, mara zote mbili. Jambo lililoamuliwa lilikuwa maisha yake, na aliyeulizwa ni mimi. Sijawahi kulisahau hilo, na ndilo lililonifanya nifuatilie habari ya uchaguzi ule wa 2017 na Brexit miaka yote hii.

Sasa turudi nyuma kidogo. Tarehe 23 Juni 2016 asilimia 51.9 ya waliopiga kura walitaka kutoka Umoja wa Ulaya. Waziri Mkuu David Cameron, wa chama cha Conservative, akajiuzulu. Mrithi wake, Theresa May, ambaye mwenyewe alikuwa upande wa kubaki, akakabidhiwa kazi ya kuitoa nchi. Machi 29, 2017 akapeleka Brussels, kwenye makao ya Umoja wa Ulaya, barua ya Kifungu cha 50, ya kutaarifu rasmi kwamba nchi inatoka, na kuanzia siku hiyo muda wa miaka miwili ukaanza kuhesabiwa. Wiki tatu tu baadaye, Aprili 18, akasimama mbele ya mlango wa ofisi yake ya Downing Street akatangaza uchaguzi ambao ulikuwa usubiri mpaka 2020. Alisema nchi inaungana lakini Bunge haliungani, kwa hiyo wananchi wampe nguvu ya kwenda kujadiliana na Ulaya. Tafiti za maoni zilikuwa zinampa uongozi wa karibu pointi ishirini juu ya chama cha Labour. Bunge likaridhia kwa kura 522 dhidi ya 13. Kila mtu alijua nani atashinda. Maswali yalikuwa ni kwa viti vingapi.

Swali lake kwa wananchi lilikuwa moja: nani mnamtaka akakae mezani na Ulaya, mimi au Jeremy Corbyn, kiongozi wa Labour?

Wiki zile nilifuatana na rafiki yangu aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuiombea Labour kura. Mimi nilikwenda kusikiliza tu. Katika milango tuliyobisha, Brexit ilitajwa mara chache sana kuliko nilivyotarajia. Watu walisema, tuliamua mwaka jana, basi, yaishe. Walichotaka kuzungumza ni foleni ya hospitali, shule ya mtoto iliyopunguziwa fedha, kodi ya pango, ada ya chuo ya pauni 9,250 kwa mwaka. Na tuwe wakweli, Labour yenyewe ilikuwa imekubali matokeo ya kura ya maoni. Mpiga kura alipovitazama vyama viwili vikubwa vyote vinasema tutatoka, aliona huo si mzani wa kuwapimia. Akaenda kwenye mizani mingine.

Kisha ikaja habari ya nyumba, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nadhani sisi tunaweza kuielewa kuliko wachambuzi wengi wa London.

Mei 18 chama cha Conservative kilitoa ilani yake. Ndani yake kulikuwa na pendekezo kuhusu wazee wanaohitaji kuhudumiwa nyumbani, kuogeshwa, kulishwa, kuangaliwa. Thamani ya nyumba ya mzee ingehesabiwa katika mali yake, na gharama za huduma zingekatwa humo baada ya kufa kwake, mradi zibaki pauni 100,000 za warithi. Wapinzani wakaibatiza kodi ya wagonjwa wa kusahau, kwa sababu mwenye saratani anatibiwa bure na hospitali za serikali, lakini mzee aliyepotewa na kumbukumbu, anayehitaji uangalizi wa miaka kumi, angelipia kwa nyumba. Bibi mmoja mjane mtaani kwetu, aliyekuwa mtu wa Conservative tangu ujana wake, alituambia mlangoni: "Nyumba hii mume wangu aliilipia miaka ishirini na tano. Nikianza kusahau, wanangu waipoteze?" Hakulia wala hakupaza sauti. Alituuliza kama vile sisi ndio serikali. Mnajua hapa kwetu nyumba ya marehemu inavyoweza kuutikisa ukoo. Kule nako ni hivyo hivyo, ila wao hawasemi hadharani.

Siku nne baadaye Bi. May akarekebisha pendekezo, akaongeza kikomo cha gharama. Alipoulizwa kama amegeuka, akarudia: hakuna kilichobadilika, hakuna kilichobadilika. Mtu aliyekuwa akijinadi kwa uongozi imara na thabiti.

Usiku wa siku hiyo hiyo, Mei 22, bomu liliua watu 22 Manchester, wengi wao vijana na watoto waliotoka kwenye tamasha la muziki. Tarehe 3 Juni wakauawa wengine wanane London Bridge na soko la jirani. Kampeni zilisimama mara mbili. Watu wakaanza kuuliza habari za askari polisi, ambao walikuwa wamepungua kwa karibu 20,000 tangu 2010, na aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kwa miaka sita ya kipindi hicho alikuwa Bi. May. Hilo pia halikuwa swali la Ulaya.

Saa nne usiku vituo vilifungwa. Tulikuwa sebuleni, watu tisa mbele ya televisheni moja. Kule wana utaratibu wa kuwahoji maelfu ya watu wanapotoka vituoni, na vituo vikifungwa tu wanatangaza makadirio. Ikaandikwa: Conservative 314. Ili uwe na wingi unahitaji 326. Sebule ilinyamaza, halafu mmoja akapiga kelele. Kaka yangu Dar es Salaam, ambako ilikuwa saa sita usiku, alikuwa akifuatilia redioni. Akaniandikia: "Mbona wanaongoza halafu wanaonekana kama wamefiwa?"

Swali la kaka lilikuwa zuri. Hesabu kamili ilikuja kuwa Conservative 317, Labour 262. Bi. May alipata asilimia 42.4 ya kura, nyingi kuliko alizopata Cameron miaka miwili kabla. Lakini Labour nayo ilifika asilimia 40, na kura za majimbo hazikukaa alipozihitaji. Canterbury, mji wa askofu mkuu, ikaenda Labour. Kensington, moja ya majimbo yenye nyumba za bei ghali kabisa nchini, ikaenda Labour kwa kura 20 baada ya kuhesabu na kurudia. Jimbo letu la Leeds North West likatoka Liberal Democrats likaenda Labour pia. Upande wa pili, Mansfield, mji wa wachimba makaa ya mawe, ukachagua Conservative. Bi. May aliingia kwenye uchaguzi akiwa na wingi mwembamba, akatoka hana kabisa. Wahenga walisema mkamia maji hayanywi.

Asubuhi pauni ilikuwa imeshuka. Bi. May akatoka mbele ya mlango ule ule akasema ataunda serikali, kana kwamba hakuna wabunge wake waliopoteza kazi usiku ule. Washauri wake wawili wakuu wakajiuzulu kesho yake. Waandishi walizungumzia sana aibu yake, na wengi tuliishia hapo. Mimi pia niliishia hapo. Ilinichukua miezi kutambua kwamba jambo kubwa la usiku ule lilikuwa limetokea Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza.

Ramani ya Ireland ya Kaskazini ilikuwa hivi. Ina wabunge 18. Chama cha DUP, cha wale wanaotaka kubaki chini ya Uingereza, kilipata 10. Sinn Féin, wanaotaka Ireland moja, walipata 7, lakini kwa msimamo wao wa tangu zamani hawaketi katika Bunge la London. Vyama vya katikati vilifagiliwa vyote. Akabaki mbunge mmoja wa kujitegemea, Lady Sylvia Hermon wa North Down. Sasa kumbukeni kwamba mwaka 2016 Ireland ya Kaskazini ilipiga kura kubaki Ulaya, asilimia 55.8. DUP ilikuwa imefanya kampeni ya kutoka. Kwa hiyo watu waliotaka kubaki, ambao ndio waliokuwa wengi, walibaki na sauti moja tu ndani ya ukumbi ule, ya mama mmoja. Na wale kumi ndio walioshika funguo za serikali. Juni 26 walitia saini makubaliano ya kumuunga mkono Bi. May bungeni, na eneo lao likaahidiwa pauni bilioni moja.

Fikirieni mpaka kati ya Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland, nchi iliyobaki Umoja wa Ulaya: mpaka wa karibu kilomita 500, wenye njia zaidi ya mia mbili za kuvuka, na hakuna hata geti moja. Sisi tunaoijua Namanga na Sirari ni vigumu kupata picha. Mpaka ule uliwahi kuwa na wanajeshi na minara, na zaidi ya watu 3,500 walikufa katika machafuko ya miaka thelathini, mpaka makubaliano ya Aprili 1998. Uingereza ikitoka kwenye soko la Ulaya, bidhaa lazima zikaguliwe mahali fulani. Kwenye mpaka ule haiwezekani. Basi zikaguliwe baharini, kati ya kisiwa cha Ireland na kisiwa cha Uingereza? DUP wakasema hiyo ni kutugeuza wageni katika nchi yetu.

Desemba 4, 2017 Bi. May alikuwa Brussels, anakula chakula cha mchana na Jean-Claude Juncker, Rais wa Tume ya Ulaya wakati huo, makubaliano kuhusu mpaka ule yakiwa tayari. Arlene Foster, kiongozi wa DUP, akatangaza kuwa hawayakubali. Waziri Mkuu wa Uingereza akaacha meza, akaenda kupiga simu Belfast, akarudi mikono mitupu. Mama aliyeitisha uchaguzi ili apate nguvu mezani alilazimika kuinuka mezani kuomba ruhusa.

Mengine mnayajua. Januari 15, 2019 mkataba wake wa kutoka Ulaya ulikataliwa bungeni kwa kura 432 dhidi ya 202, na DUP wakiwa miongoni mwa waliokataa. Ukakataliwa tena, na tena. Julai akaondoka. Mrithi wake, Boris Johnson, aliyekuwa amewaahidi DUP kwenye mkutano wao wa Belfast kwamba hakutakuwa na mpaka wa baharini, akaukubali mpaka huo Oktoba. Desemba 12 akapata viti 365, hakuwahitaji tena. Usiku huo Nigel Dodds, kiongozi wa DUP bungeni, akapoteza jimbo lake kwa Sinn Féin. Lady Hermon hakugombea.

Kuanzia Januari 1, 2021 bidhaa zinazovuka kutoka Scotland kwa meli zilianza kukaguliwa bandarini Larne, Ireland ya Kaskazini, katika jimbo la East Antrim, ambalo mwaka 2017 lilimchagua mbunge wa DUP kwa zaidi ya nusu ya kura zake.

Nakaribisha maswali. Naona mzee pale nyuma ameshanyoosha mkono.