Kijiti, Sindano na Roho Nzito: Mhadhara Kuhusu Uzazi wa Mpango na Hisia

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleykum, Bwana asifiwe. Nawaona kina mama mmekaa mbele na kina baba mmejaza viti vya nyuma. Asanteni kwa kuja, maana leo nina neno la kila upande.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimekaa kwenye chumba cha uzazi wa mpango zaidi ya miaka 20, na miaka yote hiyo nimekuwa nikisikia kauli ileile: "Sista, tangu niweke hiki kitu, siyo mimi." Wengine husema wamepata kisirani, mtoto akimwaga maji kidogo tu wanafoka. Wengine husema roho nzito. Mama mmoja aliniambia analia akisonga ugali, na akiulizwa analilia nini, hajui.

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa neno moja: utazoea. Ndivyo nilivyowasikia walionitangulia wakijibu, nami nikapokea. Alikuja binti wa miaka 19, kijiti cha kuzuia mimba kikiwa na miezi 4 chini ya ngozi ya mkono wake. Akasema anataka kitolewe, hana raha. Nikamwambia avumilie. Akarudi, nikamwambia tena. Mara ya tatu alikuja na shangazi yake, na aliyezungumza alikuwa shangazi, binti mwenyewe ameinamisha kichwa. Siku hiyo nilikitoa. Nitawarudisha kwa binti huyu baadaye, kwa sababu habari yake si nyepesi kama inavyoonekana.

Kwanza tuelewane kuhusu mwili. Hedhi haianzii tumboni, inaanzia kichwani. Chini ya ubongo, katikati kabisa, kuna sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi. Kila baada ya saa moja au mbili hivi inatuma ishara kwenye tezi ya pituitari, ambayo imening'inia chini yake na ukubwa wake ni kama punje ya kunde. Pituitari inaziagiza ovari, yaani vifuko vya mayai, kukomaza yai. Ovari zinajibu kwa kumwaga homoni, yaani kemikali za mwili zinazobeba ujumbe: estrojeni, na yai likishatoka, projesteroni. Majibu hayo yanapanda na damu mpaka kwenye ubongo, nao unajua wapi pa kuongeza na wapi pa kupunguza. Ni mazungumzo ya maisha, yanaanza ukivunja ungo na yanaisha hedhi inapokoma.

Kijiti, sindano ya miezi mitatu na vidonge vyenye homoni mbili vinaingia katikati ya mazungumzo hayo. Vinauambia ubongo kwamba homoni zipo za kutosha, usiagize yai. Ubongo unatii. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa hizi zinagusa kizazi tu, hazifiki kichwani, amekosea. Zinazuia mimba kwa kufika kichwani.

Sasa sikilizeni sehemu inayonivutia kuliko zote. Projesteroni ya mwili wako ikishafanya kazi yake, sehemu yake hugeuzwa kuwa kitu kinachoitwa alopregnanoloni. Jina ni refu, lakini kazi yake mnaijua wote: inatuliza. Inashika kwenye vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo dawa nyingi za usingizi na za kutuliza wasiwasi huvishika. Ni breki ya asili. Mwanamke anapotumia vidonge vya homoni mbili, ovari zake hazitoi yai, projesteroni yake mwenyewe inashuka, na ile alopregnanoloni inapungua. Homoni ya kiwandani inaifanya kazi ya kuzuia yai vizuri kabisa, lakini kwa kawaida yenyewe haigeuki kuwa breki hiyo.

Mtauliza, basi mbona kuna wanaostarehe? Ni kweli wapo, na ni wengi. Kuna wanawake ambao ubongo wao hauvumilii kupanda na kushuka kwa homoni hizi kila mwezi. Wiki moja kabla ya siku zao wanakuwa watu wengine, wanagombana na kila mtu, wengine wanatamani kufa, na damu ikitoka wanapona. Kwa hao, kidonge kinachotuliza mawimbi kinaweza kuwa tiba. Marekani iliidhinisha kidonge kimoja chenye drospirenoni, homoni ya kiwandani, kwa tatizo hilohilo mwaka 2006. Dawa inayomliza jirani yako inaweza kuwa ndiyo inayompa dada yako amani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katika jambo hili kila mwanamke ana kitanda chake.

Malalamiko haya hayakuanza jana. Mwaka 1956 kidonge cha kwanza kilijaribiwa kwa wanawake maskini wa Río Piedras, kule Puerto Rico, na wengi hawakuambiwa kwamba ni jaribio. Daktari aliyesimamia, mwanamke, Edris Rice-Wray, aliandika kwamba wanawake 17 katika kila 100 walipata madhara: kichefuchefu, kizunguzungu, kuumwa kichwa, kutapika. Akasema kidonge kinazuia mimba, lakini madhara yake ni mengi mno. Gregory Pincus, mwanasayansi aliyekuwa akiongoza kazi ile kutoka Marekani, aliona mengi ya malalamiko hayo ni mawazo yao tu. Mwaka 1960 kidonge kiliidhinishwa kuzuia mimba, kikiwa na estrojeni mikrogramu 150. Vidonge vingi vya leo vina 30 au pungufu. Kipimo kilikuja kushuka baada ya kuonekana wazi kwamba estrojeni nyingi inagandisha damu mishipani, na wanawake waliokuwa wakilalamika hatimaye wakasikilizwa. Hata karatasi ile ya maelezo iliyokunjwa ndani ya pakiti, ambayo wengi wetu tunaitupa, chimbuko lake ni vikao vya Seneti ya Marekani vya mwaka 1970, ambako wanawake walisimama ukumbini na kuuliza kwa nini hawakuambiwa.

Tuje kwenye sayansi ya karibuni. Denmark wanatunza kumbukumbu za dawa za kila raia. Mwaka 2016 watafiti wa huko walitoa matokeo ya kufuatilia wanawake zaidi ya milioni 1, wenye umri wa miaka 15 hadi 34. Tuseme hivi: chukua wanawake 1,000 wasiotumia homoni, ndani ya mwaka mmoja kama 17 walianza dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Chukua 1,000 wanaotumia, kama 22 walianza. Tofauti ipo, na wengi mno katika pande zote mbili hawakupata lolote. Lakini kwa wasichana wa miaka 15 hadi 19 tofauti ilikuwa kubwa zaidi: waliotumia vidonge vya homoni mbili walikuwa na uwezekano wa kuanza dawa hizo uliozidi wa wenzao kwa asilimia 80. Ubongo wa binti wa umri huo bado unajengwa. Mimi hilo limenibadilisha namna ninavyozungumza na mabinti.

Hesabu hizo peke yake hazithibitishi kwamba kidonge ndicho kilichowaumiza. Binti anayeanza kidonge mara nyingi ndiyo kwanza ameanza mapenzi, na mapenzi nayo yana machozi yake. Ndiyo maana nauheshimu sana utafiti wa Sweden wa mwaka 2017. Waligawa wanawake 340 kwa kura, nusu wakapewa kidonge cha kawaida chenye levonogestreli, nayo ni homoni ya kiwandani, nusu kidonge kisicho na dawa, na hakuna aliyejua anameza kipi. Baada ya miezi mitatu, waliomeza dawa walijiona wana raha kidogo kuliko wenzao: nguvu zimepungua, uwezo wa kujizuia hasira umepungua. Sonona haikuongezeka kwa kiwango cha kuonekana. Yaani siyo ugonjwa, ni kile mama zetu wanachokiita "kutokuwa mimi". Nilipousoma nilimkumbuka mama wa ugali.

Lakini hao wa Sweden walikuwa wanameza kidonge. Kidonge ukikichoka leo usiku, kesho hukimezi. Hapa kwetu Tanzania wanawake wengi wanaotumia njia za kisasa wako kwenye kijiti na sindano, na kwa jirani zetu Kenya ni hivyohivyo. Ni njia nzuri, za siri, hazihitaji kukumbuka kila siku, na zimeokoa maisha ya wengi. Ila angalieni mlango wa kutokea uko wapi. Sindano ikishaingia haitoki, utaisubiri iishe, na kwa wengine athari yake inapita hiyo miezi mitatu. Kijiti kinatoka kwa dakika chache, na ndani ya wiki moja hivi homoni yake imeshuka sana kwenye damu, lakini huwezi kukitoa mwenyewe. Ufunguo anao muuguzi. Muuguzi akisema "utazoea", amekufungia mlango.

Basi mwanamke mwenye historia ya sonona, au aliyeumwa sana roho baada ya kujifungua, akiniuliza leo, simnyimi. Shirika la Afya Duniani halimzuii kutumia njia yoyote ya homoni kwa sababu hiyo. Ninamwambia tu aipime hatari ya kukwama. Ninamweleza kuwa sindano haina kurudi nyuma, na ninamtajia kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni hata chembe na kinakaa hadi miaka 10, ingawa kinaweza kuongeza damu na maumivu ya hedhi. Na kama anatumia dawa za kifafa kama kabamazepini au fenitoini, ninasisitiza aniambie, maana zinapunguza nguvu ya kijiti na vidonge.

Nina ombi la kazi ndogo. Ukianza njia mpya, chukua kalenda ya ukutani na kila jioni weka alama: siku nzuri, siku ya kawaida, siku mbaya. Anza mwezi mmoja kabla kama unaweza. Ukija kwangu na kalenda hiyo, tutaona wote wawili. Usiache njia ghafla bila kuwa na nyingine mkononi, mimba usiyoitaka nayo ina sonona yake. Lakini ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri tarehe ya kliniki. Mwambie mtu wa nyumbani, muende hospitali siku hiyohiyo.

Kina baba, sijawasahau. Kulikuwa na sindano ya kuzuia uzazi kwa wanaume, iliyojaribiwa kwa wanaume 320 katika nchi kadhaa. Ilifanya kazi vizuri. Majaribio yakasimamishwa mapema kwa sababu wanaume walikuwa wanapata madhara, hasa ya hisia: huzuni, hasira, kubadilika badilika. Matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Sina ubaya na kamati iliyoyasimamisha, ilifanya kazi yake ya kulinda watu. Na zaidi ya robo tatu ya wanaume wale walisema wangekuwa tayari kuendelea na sindano hiyo. Ninachotaka ni kwamba mkeo akikuambia "tangu niweke kijiti sina raha", uyapokee maneno yake kama kamati ile ilivyopokea ya wanaume wenzako. Usimwambie amebadilika kwa sababu ana mtu mwingine. Nimeshaona ndoa ikivunjika kwa neno hilo.

Nilisema nitarudi kwa binti. Nilipokuwa nafungia bandeji mkononi mwake, shangazi alitoka nje kupokea simu, na binti akaniambia mama yake mzazi alifariki wiki tatu baada ya yeye kuwekewa kijiti. Hakuwa amenieleza. Wala mimi sikuwa nimemuuliza, mara zote mbili alizokuja peke yake. Sasa, kilikuwa ni kijiti au ni msiba? Nimelifikiria kwa miaka. Huenda vyote viwili. Lakini hakuja kuniuliza chanzo. Alikuja kuomba kitu kilichoko mkononi mwake kitolewe, na mkono ulikuwa wake.

Siku hizi mtu akinyoosha mkono na kusema toa, ninakwenda kunawa. Nikiwa ninanawa ndipo ninamuuliza, nyumbani kukoje?

Karibuni maswali. Tuanze na mama pale mbele, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja sindano.