Makala ya Mwani Haifanywi Ofisini

Ahsanteni. Hili nimelisema Unguja, nimelisema Wete, na leo nalisema tena kwenu watangazaji vijana hapa Chake Chake: makala ya redio ya mwani haifanywi ofisini.

Tangu mwani uanze kulimwa kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, redio zetu zimeuzungumzia sana. Lakini sikilizeni nani anayesema. Afisa, mtaalamu, afisa tena. Mama mkulima akipata nafasi, huitwa mjini, akakalishwa kitini, akaulizwa: "Je, mama, mnafaidika na mwani?" Mlitaka ajibu nini? "Tunashukuru." Basi!

Mfuateni majini. Na kabla ya kutazama ratiba ya kazini, tazameni mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua hiyo, maji yanatoka mbali, na yeye yuko shambani kwake anafunga mbegu kambani kwa taitai, vile vikamba vidogo. Maji mafu, yasipotoka mbali, hamumpati huko. Mkifika, msimuulize faida. Muulizeni, "Mama, mbona huu umekuwa mweupe?" Kisha nyamazeni. Atakwambieni maji siku hizi yana moto, mwani wa kotonii unakufa, kabaki na ule wa spinosamu ambao bei yake ndogo. Akimaliza, nyamazeni tena! Vijana mnakiogopa kimya. Mtu anavuta pumzi aseme lile zito lililomkaa moyoni, nyinyi mshamrukia na swali la pili.

Najua mtasema gari hakuna na mhariri anataka kazi leo leo. Daladala zipo. Na mhariri anayetaka makala ya nusu saa kwa asubuhi moja aambiwe usoni kwamba haiwezekani. Mtasema upepo. Valisheni maikrofoni sponji, mpeni kusi mgongo, isogezeni maikrofoni shubiri moja tu na kinywa chake. Na kabla hamjaondoka, rekodini dakika nzima ya pwani yenyewe, mtu asiseme neno. Mtaitia chini ya maungio mkihariri, msikilizaji asijue mmekata wapi.

Afisa simkatai. Ila ahojiwe mwisho, asikilizishwe sauti ya mama, ajibu hilo hilo.

Muziki nilikuwa na mengi, muda umenitupa mkono: taarabu isifunike maneno ya mtu. Na idhini ya mhojiwa ichukuliwe mwanzo, kinasa sauti kikiwa kimewashwa.

Bamvua inaingia wiki hii. Nani anakwenda Micheweni?