Mnacheza Zaburi ya Kilio

Wanaonifahamu wameshaanza kuguna: mzee karudi na Boney M wake, lile kundi la disko. Guneni tu.

Nilikuwa harusini. MC kaita maharusi, DJ kaangusha "Rivers of Babylon" ya Boney M. Ukumbi wote umesimama, leso zinapepea, bwana harusi anachezesha mabega. Jirani yangu, bibi wa makamo ya mama yangu, kapakata sahani ya pilau, hatikisiki. Nikamwinamia: shikamoo bibi, mbona huchezi? "Marahaba. Hiyo si Zaburi ya 137? Hao watu wanalia, mwanangu." Akaendelea kula.

Hoja yangu yote ni hiyo, ameimaliza yeye na tonge mdomoni. Mateka wa Kiyahudi wameketi kando ya mito ya Babeli, vinubi wamevitundika mitini, na waliowateka wanawaambia: tuimbieni, tuchangamke! Someni mpaka mstari wa mwisho, kisha mniambie kama ni wa harusi.

Na wimbo wenyewe si wa Boney M. Ni wa The Melodians wa Jamaika, 1970, wimbo wa Kirasta. Babeli yao ni dola inayowakandamiza, na serikali ilielewa: ikaupiga marufuku redioni, mpaka prodyuza Leslie Kong akawauliza, mnafungiaje maneno ya Biblia? Ndani yake mlikuwa na "King Alpha", yaani Haile Selassie. Mwaka 1978 Frank Farian, Mjerumani, prodyuza wa Boney M, akalitoa jina hilo, akaweka "Bwana". Mfalme wa Ethiopia nje, disko ndani, namba moja Uingereza wiki 5.

Namsikia kijana pale nyuma: mzee, tuache tucheze! Cheza, nani kakukataza? Mimi mwenyewe nacheza magoti yakikubali. Ila msikilize Liz Mitchell, mwimbaji wa Boney M, anapoanza kuvuta ile sauti. Amezaliwa Jamaika, akapelekwa London angali mtoto. Ugenini hakuhadithiwa. Farian alifuta jina, ile sauti hakuweza.

Nilitaka kumgusia Bobby Farrell, mwanamume wa Boney M, aliyefungua mdomo jukwaani ilhali sauti ya studio ni ya Farian, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, upesi: mwaka 1983 Boney M hao hao wakarekodi "Jambo", wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa, vijana waliokuwa wakiwapigia watalii hotelini. Tuimbieni, tuchangamke! Mnacheka? Chai iko tayari, tutagombana huko.