Simu ya Usiku wa Manane: Akina Mama wa Vietnam na Programu za Kusaidia Unyonyeshaji

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Niko hapa na Dada Zuhura, ambaye ni mkunga kwa taaluma, na leo tunaizungumzia Vietnam, hasa namna simu ya mkononi inavyoweza kumsaidia mama wa huko anayenyonyesha. Nimevutwa na takwimu mbili zinazokwenda kinyume. Mwaka 2014, watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa takriban asilimia 24, na utafiti wa kitaifa wa 2020–2021 ukakuta wamezidi asilimia 45. Lakini katika kipindi hichohicho, watoto walioanza kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa walipungua, kutoka asilimia 26.5 hadi 23.5. Dada Zuhura, hilo linawezekanaje?

ZUHURA: Asante, Kaka Baraka. Linawezekana kwa sababu mambo hayo mawili yanaamuliwa na watu tofauti. Kunyonyesha mwezi wa pili na wa tatu kunategemea familia, kazi na sheria, na huko Vietnam imejitahidi sana. Mwaka 2012 Bunge la Taifa lilirefusha likizo ya uzazi kutoka miezi minne hadi sita, likapiga marufuku matangazo ya maziwa ya kopo yanayokusudiwa watoto wa chini ya miezi 24, na miaka hiyohiyo mradi wa Alive & Thrive ukarusha katika televisheni matangazo ambamo watoto wachanga walikuwa wakiwaeleza wakubwa, kwa sauti zao wenyewe, kwamba hawahitaji maji wala kopo. Saa ya kwanza, kwa upande wake, imo mikononi mwa hospitali, na hospitalini upasuaji umeongezeka: mwaka 2014 akina mama waliojifungua kwa upasuaji walikuwa asilimia 27.5, na miaka sita baadaye wakafika asilimia 34.4. Mama anapotoka chumba cha upasuaji akiwa bado hajiwezi, mara nyingi mtoto yuko kwa ndugu, na ndugu hao wamekuja na kopo la maziwa kwenye mkoba.

BARAKA: Kwa hiyo programu ya simu haina la kufanya katika saa hiyo?

ZUHURA: Haina, na mtu akikuuzia programu kwa madai kwamba itapandisha takwimu hiyo, mwulize mama aliyelala na dripu mkononi ataishikaje simu. Kinachofanya kazi pale ni mkunga anayemweka mtoto kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, bila kuharakisha kumpima uzito na kumwogesha. Hospitali ya Wanawake na Watoto ya Da Nang inajulikana kwa utaratibu huo, na mwaka 2017 ikafungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Vietnam kwa ajili ya watoto njiti na wale ambao mama zao hawajaweza kunyonyesha. Shirika la PATH lililosaidia kuianzisha ndilo lililosaidia pia benki ya maziwa ya Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kule Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2019. Hayo yote ni mambo ya wodini. Simu inaanza kuwa na maana pale mama anaporudi kitandani pake, na hasa nyumbani.

BARAKA: Hebu tufafanulie hali ya huko nyumbani.

ZUHURA: Mzazi wa Vietnam hukaa ndani takriban mwezi mmoja, na katika familia nyingi mama yake au mama mkwe ndiye anayemtunza. Anapikiwa supu ya miguu ya nguruwe na papai bichi ili maziwa yaje. Anakatazwa maji baridi na upepo, na wapo bado wanaowasha makaa chini ya kitanda. Msikilizaji wa kwetu anayejua arobaini hatashangaa. Utunzaji huo una faida kubwa, kwa sababu mama anapumzika na kula vizuri, lakini ndani yake kuna imani moja inayoharibu mambo: kwamba maziwa huja siku ya tatu, na kabla ya hapo mtoto ana njaa, basi apewe kitu kingine. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza kabisa ya mama, haihesabiwi kuwa maziwa, kwa kuwa ni kidogo na ni ya manjano.

BARAKA: Basi tuuchukue usiku wa pili. Saa nane za usiku, mtoto analia, bibi amekwisha chemsha maji ya kukorogea maziwa ya kopo. Mama anafungua simu. Programu nzuri inamwambia nini?

ZUHURA: Kwanza, isimpe makala ndefu. Inapaswa kumwuliza mambo matatu tu: mtoto ana umri wa siku ngapi, amelowesha nepi ngapi tangu jana, na kinywa chake kimelishikaje ziwa. Kisha imwonyeshe picha ya video ya muda mfupi, akiwa na mtoto wake mapajani, ili aweze kulinganisha: kidevu kimegusa ziwa, mdomo umefunguka kwa upana, mdomo wa chini umegeukia nje, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake. Mama akiona kwamba mtoto wake ameng'ang'ania ncha ya chuchu peke yake, amekwisha pata jibu kwa nini anaumia na kwa nini mtoto hashibi. Na programu imweleze kwamba tumbo la mtoto wa siku mbili ni dogo, na kwamba vijiko vichache vya dang'a vinamtosha kwa mlo mmoja. Sentensi hiyo moja ingemfikia mama saa ile, ingelirudisha kopo kabatini.

BARAKA: Hapo nakubaliana nawe. Lakini programu nyingi zinazopatikana madukani mwa simu zimejengwa juu ya jambo jingine, yaani kumbukumbu. Mama anabonyeza kitufe cha ziwa la kushoto, saa inaanza kuhesabu, anabonyeza cha kulia, anaandika nepi, anaandika usingizi, na mwisho wa siku anaonyeshwa mchoro wenye rangi. Mimi, kama mtengenezaji wa programu za simu, nauona mchoro huo kuwa msaada.

ZUHURA: Na mimi nauona kuwa mzigo. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, wala hafuati zamu sawasawa. Anaweza kunyonya mara nne jioni moja halafu akalala saa tatu. Mama anayetazama saa ya programu ataambiwa kwamba bado muda haujafika, ilhali mtoto amekwisha geuza kichwa na kutia vidole mdomoni, jambo ambalo ni ombi tosha. Nimewaona wazazi wanaomtazama mtoto kwa kupitia simu.

BARAKA: Lakini yule wa upasuaji, au mwenye mtoto njiti?

ZUHURA: Hao ni habari nyingine, na hapo nakupa haki yako. Mtoto aliyepungua uzito baada ya kuzaliwa, kama wanavyopungua wengi kwa asilimia 7 hivi na pengine hata 10, anatakiwa awe amerudia uzito wake wa kuzaliwa kwa takriban wiki mbili, na kumbukumbu ya nepi na ya uzito inamsaidia mhudumu kuamua. Vivyo hivyo mama anayekamua maziwa kazini. Kinachonisumbua ni kumpa kila mama kazi ya ukarani asiyoihitaji.

BARAKA: Tuje kwenye mambo yaliyokwisha kujaribiwa. Katika jimbo la Thai Nguyen, kaskazini mwa Hanoi, kulikuwa na mradi ulioitwa mMom, uliowafikia wanawake wa makabila madogo kwa ujumbe mfupi wa simu, bila programu yoyote ya kupakua. Ninachoupendea ni kwamba ujumbe ulikwenda pande zote mbili: mwanamke aliweza kujibu, na upande wa pili palikuwa na wahudumu wa kituo cha afya cha kata yake, watu anaoweza kuwafuata kwa miguu.

ZUHURA: Hilo ndilo linalotenganisha msaada na tangazo. Vietnam ina makabila 54 yanayotambuliwa na serikali, na wanawake wa makabila ya milimani ndio wanaojifungua mbali zaidi na hospitali. Wakiletewa programu nzito, yenye Kivietinamu cha vitabuni, inayohitaji intaneti ya kasi, haitawafaa hata ikiwa imeandikwa na madaktari bingwa. Na ujumbe usio na mtu nyuma yake una hatari yake: mtoto asiyeamka kunyonya, au aliyefika siku ya tano huku akikojoa chini ya mara sita kwa siku, hatakiwi kutumiwa ujumbe wa kumtia moyo mama yake. Anatakiwa aonwe siku ileile.

BARAKA: Mijini hali ni tofauti. Kule akina mama wako Facebook na Zalo, ile programu ya ujumbe ya Wavietinamu wenyewe iliyoanzishwa mwaka 2012. Makundi ya kunyonyesha huko ni makubwa, na mama anaweza kupata majibu kutoka kwa wenzake kabla maji ya bibi hayajapoa. Nadhani watengenezaji wengi hukosea hapo, kwa kuwa hujenga programu mpya na kumtaka mama aihamie, ilhali yeye ana mahali pake pa kuzungumzia.

ZUHURA: Ni kweli, ila mahali hapo pana mgeni mwingine aliyetangulia kufika.

BARAKA: Kampuni za maziwa ya kopo.

ZUHURA: Hizo hizo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa utafiti uliofanywa katika nchi nane, zikiwemo Nigeria, Afrika Kusini na Morocco. Waliwauliza wazazi na wajawazito wapatao 8,500, na zaidi ya nusu walisema wamefikiwa na matangazo ya maziwa ya kopo. Nchini Vietnam idadi hiyo ilikuwa asilimia 92, na China peke yake ndiyo iliyoizidi, kwa asilimia 97. Ripoti iliyofuata mwaka huohuo ikaeleza njia zenyewe: programu za simu za wajawazito, klabu za watoto, simu za ushauri, na makundi ya mtandaoni ambamo mama hutoa tarehe yake ya kujifungua kwa hiari, akidhani anajiandikisha kupata mafunzo.

BARAKA: Na tarehe hiyo ndiyo mali yenyewe. Kwa lugha ya kazi yetu, mwenye tarehe ya kujifungua anajua ni wiki gani mama atakuwa amechoka, na anaweza kupanga arifa ifike usiku huo. Mama ataletewa makala kuhusu mtoto anayelia sana, imeandikwa kwa upole, haitaji kopo lolote, lakini juu kabisa ina nembo. Lakini Vietnam si ina sheria?

ZUHURA: Inayo, na ni kali kuliko za nchi nyingi. Amri ya Serikali namba 100 ya mwaka 2014 inakataza kutangaza maziwa ya watoto wa chini ya miezi 24, pamoja na chupa za kunyonyeshea na chuchu bandia. Kampuni zikageukia maziwa ya watoto waliozidi miaka miwili, yenye kopo la rangi ileile na jina lilelile, likitofautiana namba tu. Hakuna aliyetangaza kopo namba moja, lile la watoto wachanga, lakini kila mama analijua.

BARAKA: Upande wa mtandao ni mgumu zaidi, kwa sababu afisa wa wizara hawezi kusoma machapisho yote. Alive & Thrive na washirika wao wametengeneza huko chombo kinachoitwa VIVID, kinachotumia akili mnemba kupekua picha na maandishi ya mtandaoni na kuonyesha yale yanayoelekea kuvunja amri hiyo. Mimi ningeweka fedha zangu hapo kabla ya kutengeneza programu nyingine ya kuhesabu dakika za kunyonya. Arifa ya kopo iliyozuiwa inamsaidia hata mama asiyepakua chochote.

ZUHURA: Sikutarajia kuisikia hiyo kutoka kwa mtu wa programu.

BARAKA: Nimezitengeneza vya kutosha. Nyingi hufutwa mtoto akifika wiki ya sita. Lakini tusisahau mama anayerudi kazini. Sheria ya kazi ya Vietnam inampa mama mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja dakika 60 kila siku za kunyonyesha au kukamua maziwa, kwa malipo kamili. Simu inaweza kumkumbusha saa ya kukamua.

ZUHURA: Inaweza kumkumbusha, lakini haimpi chumba wala friji, na muuza mboga wa sokoni asiye na ajira rasmi hana hata hizo dakika. Kwa mfanyakazi wa kiwandani, kumbukumbu inayofaa ni ile inayomwonyesha kifungu cha sheria, kwa maneno anayoweza kumsomea msimamizi wake.

BARAKA: Hilo ni wazo la programu ambalo sijaliona likipewa nafasi. Na kuhusu taarifa zake binafsi, Julai 2023 Vietnam ilianza kutumia Amri namba 13 ya ulinzi wa taarifa binafsi, iliyotaka mtu aridhie kabla taarifa zake hazijatumiwa. Hata hivyo mama wa saa nane za usiku atabonyeza "nakubali" bila kusoma. Ulinzi bora ni programu kutoomba tarehe ya kuzaliwa pale inapotosha kujua kwamba mtoto ana siku mbili. Sasa Dada Zuhura, ukipewa fedha ya kutengeneza kitu kimoja tu kwa ajili ya Thai Nguyen, utatengeneza nini?

ZUHURA: Nisingeanza na mama. Ningeanza na bibi, kwa kuwa ndiye mwenye birika. Ningemtengenezea video ya dakika mbili, yenye sauti ya Kivietinamu na nyingine ya Kitày, lugha ya mojawapo ya makabila madogo ya huko, ambamo bibi wa rika lake anaonyesha dang'a ndani ya kijiko na kusema kwamba hicho ndicho chakula cha siku ya kwanza, kisha anaendelea kupika supu yake ya papai. Chini yake ningeweka namba ya mkunga wa kata. Ningemkabidhi binti kliniki, mimba ikiwa ya miezi minane, aitume kwa Zalo kwa mama yake na kwa mama mkwe wake siku hiyohiyo.