Nani Anayeishusha Kotisoli?

Mtu akishtuliwa usiku na kishindo mlangoni, homoni ya kotisoli hupanda katika damu yake, ikafika kileleni baada ya dakika 20 au 30 hivi, kisha ikaanza kushuka. Ndugu zangu, swali langu leo ni hilo la mwisho: nani anayeishusha?

Kupanda kwake hakuna fumbo. Haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo, huiamsha tezi ya pituitari. Pituitari nayo huziamsha tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, na hizo ndizo hutoa kotisoli. Sasa kotisoli hiyohiyo husafiri na damu hadi ubongoni. Mjumbe humrudia aliyemtuma. Haipothalamasi na pituitari humsikia, lakini si hizo tu. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake walionyesha kwamba homoni ya namna hii kwa panya hunaswa kwa wingi katika hipokampasi, sehemu tuliyoizoea kwa kazi ya kumbukumbu. Kwangu mimi huo ni ugunduzi mkubwa: ubongo unaoamuru, nao huamriwa.

Vipokezi vya kotisoli, yaani sehemu za seli zinazoinasa, ni vya aina mbili. Vya kwanza huishika kotisoli hata ikiwa kidogo. Vya pili hungoja mpaka ifurike, na hivyo ndivyo hasa hukanyaga breki, kotisoli isiendelee kutolewa.

Je, msongo usipoisha? Deni lisilolipika, ugomvi wa nyumbani, kumuuguza mpendwa miaka nenda rudi. Kwa wanyama wa maabara, matawi ya seli za hipokampasi hunywea na vipokezi vya pili hupungua, huku amigdala, sehemu ya ubongo inayotulinda na hatari, ikizidi kuota matawi. Breki inalika, na inayoila ni kotisoli ileile iliyokuja kuikanyaga.

Msidhani basi kwamba kila aliyeelemewa ana kotisoli nyingi. Baadhi ya waliopatwa na kiwewe hukutwa nayo kidogo, na kipimo kimoja hakitoshi, maana hupanda asubuhi na hutoka kwa mawimbi mchana kutwa.

Matawi hayo huota tena msongo ukiondolewa. Kwa panya ambao hawajazeeka, majuma machache hutosha. Nasisitiza: ukiondolewa. Ndiyo maana huniuma kusikia mtu aliyelemewa akiambiwa ajikaze. Kujikaza ni kazi ya gamba la mbele la ubongo, na kwa wanyama haohao, matawi ya huko nayo yalikuwa yamenywea.