Mkojo Mwekundu wa Simbilisi: Tuanzie Kwenye Taulo Jeupe

Asanteni kwa kuja jamani, najua jua la leo lilivyo na foleni ya Mandela wote tunaijua. Naona watoto wengi mbele hapa, karibuni sana wanangu, na naona wamama walokuja na picha kwenye simu, maranda yana doa jekundu, kizimba kina doa jekundu, na swali ni lile lile, dokta huyu simbilisi wangu anakojoa damu? Ndo tutakachoongea leo, hicho kimoja tu.

Kabla sijaendelea, huyu mtoto wa mstari wa kwanza amekuja na mama yake toka Tabata, wamemleta Bisi. Bisi ni jike, ana miaka mitatu, na mama anasema toka Jumatano anaona mkojo wa rangi ya chungwa, siku nyingine kama chai ya rangi. Nimewaomba ruhusa, tumemweka hapa mezani ndani ya beseni kavu, chini yake taulo jeupe, hakuna maranda, tumempa nyasi na kipande cha tango atulie. Akikojoa tunasimama hapo hapo hata kama nipo katikati ya neno, kwa hiyo nyie watoto wa mbele ndo walinzi wangu, mkiona tu mnanishtua.

Haya. Mkojo wa simbilisi mzima haufanani na wa mbwa wala wa kwetu sisi. Una ukungu, kama maji yaliyooshea mchele, rangi yake ni njano hafifu mpaka rangi ya asali, na pH yake, yani kile kipimo cha tindikali na magadi, iko juu, 8 mpaka 9, wakati wa binadamu kwa kawaida unacheza kwenye 6. Kalsiamu ya ziada kwenye chakula anaitoa sana kwa mkojo, ndo maana ukikauka kwenye trei nyeusi unabaki unga mweupe kama chokaa ya ukutani. Watu wananiletea huo unga wameogopa. Pitisha kidole, kama ni laini kama poda basi ni wa kawaida, ila ukiskia chenga, yani kama mchanga wa ufukwe wa Coco umebaki kwenye ndala, hapo kalsiamu imezidi na tuna la kuzungumza.

Sasa rangi. Watu wote wanaanza na kuniuliza ni rangi gani hii, na mimi nawarudisha nyuma, nauliza hiyo rangi imeonekana saa ngapi? Kwa sababu mkojo unaweza kutoka njano kabisa, ukakaa kwenye maranda toka usiku, asubuhi unaukuta wa chungwa au kahawia kama kutu. Hiyo sio damu. Kuna rangi za mimea alizokula, kuna na rangi zinazotengenezwa mwilini zinaitwa porofirini, zikikaa kwenye hewa zinabadilika. Kwa hiyo doa la asubuhi peke yake halinambii kitu, nisamehe mama unayenionyesha picha, ni picha nzuri lakini haina saa. Ninachotaka ni tone likiwa la moto, limetoka sasa hivi, juu ya kitu cheupe.

Na chakula, msinifiche kitu kwenye chakula. Bitiruti inatia rangi mkojo, hilo hata binadamu linampata. Mchicha mwekundu una rangi za ukoo mmoja na za bitiruti. Kwa hiyo mkojo ukiwa mwekundu na mnyama anakula, anaruka, analia akiskia mfuko wa nailoni, toa hivo vyekundu vyote siku mbili tatu mpe nyasi na majani ya kijani, uangalie. Rangi ikiondoka umepata jibu. Isipoondoka usisubiri wiki.

Halafu angalieni damu inatoka wapi, maana sio kila damu kwenye maranda imetoka kwenye mkojo. Geuza miguu. Simbilisi anayekaa kwenye waya au sakafu mbichi anachubuka nyayo, zinavimba, zinatoa damu, na kwenye maranda inaonekana vile vile tu. Angalia kucha iliyokatika, angalia kama wamengatana. Na kama unao wawili watatu kwenye kizimba kimoja, watenganishe usiku mmoja ujue nani ni nani, nshawahi kuletewa dume limepimwa kila kitu kumbe anayetoa damu ni jike alobaki nyumbani...

Eeh, mmeona? Amekojoa. Tulieni, msimsogelee. Mmeskia kale kasauti? Kale ka juu alikotoa huku mgongo ameukunja, hako nakaandika kwenye daftari kabla hata ya rangi. Naomba taa ya simu hapa. Haya, walio nyuma nawaelezea: doa ni kama sarafu ya mia, lina ukungu, katikati njano iliyokoza na pembeni kuna kamstari kekundu, hakajachanganyika vizuri na mkojo, kamelala peke yake. Na limetoka hivo, sio kwamba limebadilika baadae. Navuta kidogo kwa sirinji isiyo na sindano, nadondosha kwenye stripu, hizi hizi wanazopimia watu mkojo hospitali. Mwanangu shika saa, hesabu sekunde sitini.

Wakati anahesabu niwaambie kuhusu hii stripu. Kuna kiboksi cha damu, kinaanza njano, kikipata damu kinapata nukta za kijani au kinageuka kijani chote. Mkojo wa bitiruti hauleti hizo nukta. Kiboksi cha protini msikiamini sana kwa huyu mnyama maana mkojo wenye pH ya juu unaweza kukidanganya. Wengine wanatumia peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda, wanamwagia kwenye doa likitoa povu wanasema damu, ni kweli damu inatoa povu, ila kipande cha tango au mboga mbichi nacho kinatoa povu, kwa hiyo mimi naipa nafasi ndogo. Maabara wao wanazungusha mkojo kwenye mashine, chembe nyekundu za damu zinashuka chini na juu kunabaki kweupe, lakini kama ni rangi ya chakula haishuki, inabaki imetapakaa.

Sitini? Asante. Haya, njoo mama uone mwenyewe. Nukta za kijani, nyingi, hapa na hapa. Ni damu mama. Pole, ila afadhali tumejua leo.

Sasa damu ipo, inatoka wapi? Kwa simbilisi mimi nafikiria sehemu tatu. Ya kwanza kibofu chenyewe kimeingiwa na bakteria. Majike wanapata zaidi, njia yao ya mkojo ni fupi na iko karibu na ya haja kubwa, kizimba kikiwa kichafu bakteria wanapanda. Ya pili mawe. Ya tatu kizazi.

Kwenye mawe nikae kidogo. Mawe ya simbilisi mengi ni ya kalsiamu kabonati, na uzuri wake mmoja ni kwamba yanaonekana kwenye eksirei, meupe kabisa kama jino. Nimewahi kumpokea dume toka Mbagala, mwenye naye kapiga picha mkojo mwekundu wiki nzima, kabadilisha maranda, kabadilisha maji, kamtoa karoti, na yote alifanya kwa mapenzi. Nilivyombonyeza tumbo chini kwa vidole viwili taratibu nikaskia kitu kigumu kinateleza, eksirei ikaonyesha jiwe moja kama punje ya choroko. Limetolewa kwa kupasuliwa. Lilikuwa na miba miba pembeni, ukilipitisha kwenye ngozi ya mkono unaskia linakwaruza, na hapo unaelewa kwa nini anapiga kelele akikojoa, hicho kitu kinasugua kibofu usiku na mchana. Na mawe yana tabia ya kurudi hata baada ya kutolewa, kwa hiyo dume yule anaangaliwa mpaka leo. Dume akikaza kukojoa na hakitoki kitu, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, jiwe limeziba mrija, kibofu kinajaa, usiseme kesho asubuhi.

Kizazi ndo watu wanakisahau. Mara ngapi naambiwa dokta yuko kwenye siku zake. Simbilisi hana hedhi jamani. Anaingia joto, yani anataka dume, karibu kila siku 16, lakini damu ya mwezi hana. Jike akitoa damu ni kibofu au ni kizazi, kina usaha, kina uvimbe, au ni mimba inaharibika, na mimba yao inachukua siku 59 mpaka 72 kwa hiyo kama alikaa na dume miezi miwili ilopita niambie. Majike wakubwa kama Bisi wanapata sana vifuko vya maji kwenye ovari, utaona manyoya yanapukutika mbavuni pande zote mbili sawasawa. Bisi namwangalia hapa, manyoya yapo.

Na tunatofautishaje kibofu na kizazi? Hapa ndo penye uzuri wa kazi yetu. Mkojo ukidondoka kwenye taulo umepita njia zote, hujui damu umeiokota wapi. Kwa hiyo daktari anatazama kwa ultrasaundi, anaingiza sindano nyembamba kupitia tumboni moja kwa moja kwenye kibofu, anavuta mkojo ambao haujapita popote. Ukiwa na damu, basi shida iko kibofuni au kwenye figo. Ukiwa msafi wakati kwenye taulo kulikuwa na damu, basi geukia kizazi. Kale kamstari ka pembeni ambako hakajachanganyika na mkojo kananifanya nikifikirie kizazi, ila kale kasauti kananirudisha kwenye jiwe, kwa hiyo sitakisia, picha itasema.

Sasa hili naomba mzime simu mnisikilize. Miaka ya mwanzo, kabla sijawasomea vizuri hawa wanyama, nilikuwa na wangu wawili nyumbani Kinondoni. Mmoja akaanza mkojo wa damu, nikapita duka moja la dawa nikaambiwa amoksilini ya maji, ile ya watoto, itamfaa. Nikampa. Siku ya kwanza anakula vizuri nikafurahi. Siku ya tatu anaharisha, tumbo limejaa, masikio ya baridi, na usiku ule akafia mapajani kwangu. Ugonjwa ulomleta haukumuua, dawa ndo ilimuua. Utumbo wa simbilisi unaishi kwa bakteria wazuri, na amoksilini, ampisilini, penisilini za kunywa, klindamaisini, linkomaisini, erithromaisini, zinawafyeka wale wazuri, halafu bakteria mmoja mbaya wa jamii ya klostridia anabaki anajitawala na kumwaga sumu. Naumia kila nikilisema lakini nitalisema kila nikisimama. Zipo antibaiotiki anazozimudu, ile ya mchanganyiko wa salfa na trimethoprimu, au enrofloksasini, lakini daktari apime uzito apige hesabu, na nyie mnaofuga kuku msichote ile enrofloksasini ya kwenye maji ya kuku mkakisia matone. Ile ni kali, huyu mnyama hafiki hata kilo moja na nusu.

Kuhusu chakula kwa kifupi maana muda unakwenda. Dar mchicha ni rahisi, kila mtu anampa mchicha asubuhi mchana jioni, na mchicha una kalsiamu nyingi na oksaleti nyingi, yani chumvi ya kwenye majani inayoshikana na kalsiamu. Sijasema usimpe, nasema usiwe mlo. Nyasi ndo mlo, nyasi kavu safi muda wote, hata zile za pembeni mwa barabara ukiwa na uhakika hazijapuliziwa dawa wala hazijakojolewa na mbwa. Simbilisi hatengenezi vitamini C mwilini mwake, akiikosa mishipa inalegea anavuja damu na viungo vinauma, mpe pili hoho kila siku kipande, na kipande kidogo cha pera si haba. Msitie vitamini kwenye chupa ya maji, kwa joto letu inaharibika haraka na maji yanabadilika ladha anaacha kunywa, na akiacha kunywa mkojo unakuwa mzito na chenga zinapata pa kukaa. Wenye visima vya maji ya chumvi, mpeni maji ya kunywa yale mnayokunywa wenyewe.

Dada wa nyuma ameuliza vipimo vinapatikana wapi. Maabara ya mifugo ya serikali iko pale Temeke Veterinary, wanapokea sampuli za wanyama. Kwa eksirei piga simu kliniki kwanza kabla hujapanda bajaji, uliza wana mashine na kama wameshawahi kushika simbilisi. Ikishindikana kabisa, chuo cha Sokoine Morogoro wana hospitali ya wanyama. Na sampuli iende mapema, ndani ya saa moja mbili, mkojo ulolala kwenye dashibodi ya gari toka asubuhi haufai.

Mama yake Bisi, wewe nakuandikia hapa: eksirei na ultrasaundi Jumatatu asubuhi, na dawa ya maumivu leo leo, nitampa mimi kwa uzito wake tukitoka. Usimnyime chakula njiani, hawa hawafungishwi, akikaa nusu siku bila kula nipigie hata kama ni usiku. Mwanangu, mrudishie nyasi zake, na hilo taulo usilifue, likunje uliweke kwenye mfuko muende nalo.